Shukrani, Pole na Hali ya Msaidizi: Gesima na Japani

1. Utangulizi

Katika mafundisho ya lugha, maneno ya kushukuru na ya kuomba radhi huhesabiwa kuwa miongoni mwa mambo mepesi. Mwanafunzi huyapata katika somo la kwanza au la pili, pamoja na maamkizi, kisha hupelekwa kwenye sarufi yenyewe. Kamusi nazo huyapa mstari mmoja au miwili. Hata hivyo, ni machache katika lugha yanayopima uhusiano wa watu kwa uzito kama maneno haya. Mtu aliyesaidiwa akikosea neno, msaidizi huweza kuondoka akiwa amevunjika moyo, au akiwa amehisi kwamba amefukuzwa katika ujamaa aliodhani ni wake.

Wataalamu wengi walioyachunguza maneno haya wamemtazama msemaji, yaani aliyesaidiwa: anajishusha kiasi gani, anakiri deni gani, anatimiza desturi gani. Makala hii inamtazama msikilizaji, yaani aliyetoa msaada, na kuuliza neno analoambiwa linamfanyia nini. Mifano imetolewa katika mazingira mawili. Ya kwanza ni Japani, ambako neno moja hutumika kwa shukrani na kwa kuomba radhi, jambo lililoandikiwa mengi. Ya pili ni Gesima, katika Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira nchini Kenya, ambako Ekegusii ni lugha ya nyumbani, na Kiswahili na Kiingereza ni lugha za shule, za ofisi na za kukutana na wageni.

Mazingira haya mawili yamewahi kuwekwa pamoja. Katika uchunguzi wa malezi ya watoto uliofanywa katika jamii sita katika miaka ya 1950, jamii moja ilikuwa ya Abagusii, katika kijiji kilichoitwa Nyansongo katika vitabu vya uchunguzi huo, na nyingine ilikuwa Taira, katika kisiwa cha Okinawa. Matokeo yaliyotolewa na Beatrice Whiting na John Whiting mwaka 1975 yaliwaweka watoto wa Nyansongo miongoni mwa waliozidi katika kutoa msaada na kubeba wajibu, na watoto wa Taira katika kundi lililo upande wa pili. Mtoto wa Nyansongo alilea mdogo wake, alichunga ng'ombe, alichota maji. Alisaidia kwa sababu kazi ilikuwapo na nyumba ilimhitaji. Basi swali la makala hii linaweza kuanzia hapo: ikiwa msaada hupatikana kwa wingi mahali ambapo mtoto hashukuriwi kila anaposaidia, neno la shukrani lina kazi gani?

2. Namna tatu za kushukuru

Maneno ya shukrani ya lugha mbalimbali yakitazamwa kwa maana ya asili, huonekana yanagawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza hulisifu jambo lenyewe. Katika Ekegusii husemwa mbuya mono, yaani "ni vizuri sana". Neno hilo buya ndilo linalosikika pia katika maamkizi ya asubuhi, bwakire buya, kwamba kumekucha vema. Kikuyu nacho husema nĩ wega, "ni vyema". Kijaluo, lugha ya majirani wa Abagusii isiyo ya Kibantu, husema erokamano, ambalo kwa asili ni kusema kwamba ndivyo hivyo, ndivyo ilivyo. Katika maneno haya yote hamna nafsi: hakuna "mimi" niliyepokea wala "wewe" uliyetoa. Kinachotajwa ni hali, kwamba mambo yamekaa sawa.

Kundi la pili humsifu mtenda. Hapa ndipo penye asante ya Kiswahili, ambalo limetokana na Kiarabu ahsanta, yaani "umefanya vema". Ingawa msemaji wa leo hakumbuki tena kitenzi hicho, kazi ya neno haijapotea: asante humwelekea mtu. Ndiyo maana Kiswahili kikaweza kulipa hata kiambishi cha wingi, asanteni, jambo ambalo haliwezekani katika neno lisilo na mwambiwa. Luganda kina webale, ambalo humwelekea mtu vivyo hivyo, na huenda mbali zaidi, kwani Mganda humwambia hivyo mtu aliyemkuta kazini mwake, hata kama kazi ile haimhusu. Mtu hushukuriwa kwa kuwa anafanya kazi tu.

Kundi la tatu hutaja deni au taabu. Mreno husema obrigado, kwamba amefungwa na wajibu. Mjapani husema sumimasen, kwamba jambo halijaisha. Katika kundi hili shukrani na kuomba radhi hukaribiana hata zikawa kitu kimoja.

Mgawanyo huu ni wa asili ya maneno, wala hauna maana kwamba msemaji huyafikiri haya kila anapofungua kinywa. Lakini asili ya neno huacha alama katika matumizi yake, hasa katika jibu ambalo msaidizi hutakiwa kulitoa. Jibu hilo ndilo linaloonyesha neno limemgusa wapi.

3. Sumimasen: jambo lisilokwisha

Neno sumimasen ni hali ya kukanusha, kwa adabu, ya kitenzi sumu, chenye maana ya kuisha au kumalizika. Ruth Benedict, katika kitabu alichokitoa mwaka 1946 kuhusu utamaduni wa Wajapani, alilieleza kwa njia ya deni: anayepokea hisani ameingia katika deni ambalo halijalipwa, na kwa neno hili anakiri kwamba halijakwisha. Benedict aliandika bila ya kufika Japani, kwa kuwa utafiti wake aliufanya wakati wa vita, na mengi katika kitabu chake yamepingwa baadaye. Lakini maelezo yake juu ya deni yameendelea kurejelewa.

Daktari wa maradhi ya akili Takeo Doi, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alitoa maelezo tofauti kidogo. Alisimulia kwamba alipokuwa Marekani, ambako alifika mwaka 1950, alitendewa wema na daktari aliyekuwa msimamizi wake. Badala ya kutamka neno la Kiingereza la kushukuru, alitamka neno la kuomba radhi, na mwenzake akamwuliza kwa mshangao anaomba radhi kwa lipi. Kwa maoni ya Doi, Mjapani hutaja taabu aliyomtia msaidizi kwa sababu anachelea kwamba, asipoitaja, msaidizi atamwona hana adabu, na fadhili zake zitakatika. Hivyo neno halitazami deni la nyuma tu. Hulinda pia wema wa mbele.

Kwa upande wa msaidizi, sumimasen humfanyia mambo mawili. Kwanza, humshuhudia kwamba kazi yake ilikuwa na gharama: amepoteza wakati, amechoka, ameacha shughuli yake. Pili, humlazimu aikanushe gharama hiyo. Aambiwapo sumimasen, jibu la kawaida ni kukana: hapana, hapana, si kitu. Hapa pana utaratibu mzuri wa ajabu. Aliyesaidiwa huikuza taabu, na msaidizi huipunguza, mpaka wote wawili wakutane mahali pa usawa. Na kwa kuwa jambo halijaisha, halizikwi siku ile ile. Wajapani wakikutana tena baada ya siku kadhaa, aliyesaidiwa huitaja hisani ya juzi na kuishukuru upya kabla ya mazungumzo mengine. Msaidizi huyo hujua kwamba hakusahauliwa.

Kiswahili kina samahani, nalo kwa matumizi fulani linafanana sana na sumimasen. Yote mawili hutumika kumwita mtu usiyemjua, kupenya katika umati, na kutangulia ombi. Lakini mwishoni mwa tendo huachana. Mjapani aliyeokotewa kalamu yake huweza kusema sumimasen na hilo likatosha. Mswahili aliyeokotewa kalamu hawezi kusema samahani na kuishia hapo. Akitaka kutaja taabu ya msaidizi hutumia usemi mwingine: "nimekusumbua", au "nimekutaabisha", kisha huongeza asante. Taabu hutajwa, lakini shukrani haiachwi.

4. Gesima: msaada wenye zamu na msaada usio na zamu

Ili kuelewa uzito wa mbuya mono ni lazima kwanza kutazama njia ambazo msaada hurudishiwa. Philip Mayer, katika maandishi yake ya mwaka 1951 juu ya ushirika wa kilimo wa Abagusii, alieleza risaga, yaani kazi ya pamoja ya majirani katika shamba la mmoja wao, ambapo mwenye shamba aliwaandalia pombe. Palikuwapo pia egesangio, kikundi kidogo cha watu wanaolimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Katika utaratibu wa zamu, neno la shukrani lina nafasi ndogo. Mtu aliyelimiwa leo atashika jembe kesho, na jembe hilo ndilo asante yake. Akisema maneno mengi ya shukrani na kesho asitokee, maneno yale huwa aibu juu ya aibu.

Leo kuna majani chai katika vilima hivyo, na msaada mwingine wa shamba umegeuka kuwa kibarua kinacholipwa kwa kilo. Huyo naye hadai neno, kwa kuwa ana ujira. Michango ya matanga na ya karo huandikwa katika daftari, na mwenye kuchangia hujua kwamba siku yake ikifika daftari litafunguliwa. Neno la shukrani kwa jumla hutolewa mwishoni, hadharani, na mtu aliyeteuliwa, kwa niaba ya jamaa nzima; haliachiwi kila mmoja aliseme kivyake mlangoni.

Msaidizi anayebaki ni yule asiye na zamu, asiye na ujira, wala jina lake halimo katika daftari. Mathalani, mwanamke mzee amesimama njiani kuelekea kituo cha kununulia majani, na kikapu kizito kimemshinda kukirudisha mgongoni. Kijana anapita, anamwita baba, ambalo katika Ekegusii ni mama, anamnyanyulia kikapu na kwenda zake. Mzee anasema mbuya mono. Kwa neno hilo hajamfanya kijana kuwa mfadhili, wala hajajifanya kuwa mdeni. Amesema kwamba mambo yamekuwa kama yanavyopaswa kuwa: mtoto amemnyanyulia mama mzigo. Kijana hahitaji kukana lolote, kwa kuwa hakusingiziwa ukubwa wowote. Neno limemwacha mahali pake, katika ujamaa.

Huenda kuna sababu nyingine ya uchache huu wa maneno. Robert LeVine na wenzake, katika kitabu cha mwaka 1994 kilicholinganisha akina mama wa Kigusii na wa Boston, walionyesha kwamba mama wa Kigusii hakuwa na desturi ya kumsifu mtoto wake, kwa kuchelea kumtia majivuno na ukaidi. Heshima baina ya wakubwa na wadogo huitwa chinsoni, neno la asili moja na soni ya Kiswahili, yaani haya. Mahali ambapo haya ndiyo msingi wa adabu, sifa ya usoni ni jambo la kutumiwa kwa kiasi. Asante yenye asili ya "umefanya vema" ni sifa ya usoni. Mbuya mono si sifa ya mtu, ni sifa ya jambo.

Wala Gesima si mahali pa pekee kwa jambo hili. Uchunguzi wa Simeon Floyd na wenzake, uliotolewa mwaka 2018, ulichambua mazungumzo ya kila siku katika lugha 8, mojawapo ikiwa Siwu ya Ghana. Walikuta kwamba, baada ya mtu kutimiziwa haja yake nyumbani au kazini, neno la shukrani lilitamkwa takriban mara 1 tu kati ya 20. Hata wasemaji wa Kiingereza, waliowazidi wengine wote, walishukuru kwa asilimia 14.5 tu. Wachunguzi hao walieleza kwamba baina ya watu wanaoishi pamoja kusaidiana ndiyo kawaida, na kawaida haishukuriwi. Hivyo dhana kwamba jamii isiyosema asante kila mara ni jamii isiyo na shukrani haina msingi.

5. Pole

Baina ya sumimasen na asante, Kiswahili kina neno la tatu ambalo linastahili kutazamwa zaidi kuliko lilivyotazamwa. Neno hilo ni pole. Kamusi hulieleza kuwa neno la kumliwaza aliyepatwa na msiba au maumivu. Lakini pole huambiwa pia mtu mwenye kazi, mwenye safari, mwenye mzigo: pole kwa kazi, pole kwa safari. Huambiwa msaidizi pia, hasa kazi inapokuwa bado inaendelea.

Pole si kuomba radhi. Asemaye pole hakiri kosa. Anaweza kumwambia mtu aliyejikwaa mbali naye. Waafrika Mashariki wanaposema Kiingereza hulitumia neno la lugha hiyo la kuomba radhi kwa maana hii hii, na mgeni akajibu kwa mshangao kwamba kosa halikuwa lao. Ni mshangao ule ule aliokutana nao Doi huko Marekani, ingawa sababu ni tofauti. Mjapani alitaja taabu ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeisababisha. Asemaye pole hutaja taabu bila ya kuuliza imesababishwa na nani.

Lakini jambo kubwa zaidi limo katika jibu. Aambiwaye pole hujibu asante. Pwani huweza kujibu pia kwamba amekwisha poa. Basi msaidizi akiambiwa pole na yule anayemsaidia, msaidizi ndiye anayeshukuru. Mwenye kupokea msaada ametoa kitu, yaani huruma yake, na mwenye kutoa msaada amepokea. Kwa maneno mawili tu, mizani imesogea. Sumimasen huufikia usawa kwa kukuza deni na kulikana. Pole huufikia kwa kumpa msaidizi kitu cha kushukuru. Zaidi ya hayo, pole humfikia msaidizi wakati bado amejitwika. Asante hufika baada ya mzigo kutuliwa.

Msemaji wa Kiswahili anayo pia njia ya kulikabidhi deni kwa mwingine: "Mungu akulipe", "Mungu akuzidishie". Hapo aliyesaidiwa anakiri kwamba malipo yako nje ya uwezo wake, na msaidizi hana haki tena ya kuyadai kwake. Methali isemayo "tenda wema nenda zako" ni fundisho hilo hilo likielekezwa kwa msaidizi. Lakini methali "asante ya punda ni mateke" inakumbusha kwamba msaidizi, hata akienda zake, hugeuka nyuma mara moja kutazama.

6. Msaidizi mgeni na mtoto wa shule

Tofauti hizi zingekuwa za kustarehesha tu kama kila mtu angekaa katika desturi moja. Ugumu huanza zinapokutana.

Msaidizi mgeni, kama mwuguzi au mwalimu aliyetoka mbali, huzoea desturi ambamo neno la shukrani ndilo malipo ya pekee ya wema wa ziada. Akikesha na mgonjwa na jamaa wa mgonjwa wasiseme neno, huona amedharauliwa. Hajui kwamba mkungu wa ndizi utakaoletwa mwezi ujao bila ya maelezo ndio neno lenyewe. Hisia zake hata hivyo si za kubezwa. Adam Grant na Francesca Gino, katika majaribio waliyoyatoa mwaka 2010 huko Marekani, walikuta kwamba miongoni mwa watu waliomsaidia mwanafunzi kusahihisha barua na kujibiwa bila ya shukrani, asilimia 32 walikubali kumsaidia tena; miongoni mwa walioshukuriwa, walikubali asilimia 66. Sababu kubwa ilikuwa kwamba walioshukuriwa walijihisi kuwa watu wanaothaminiwa. Ikumbukwe kwamba wahusika katika majaribio hayo walikuwa hawajuani. Hawakuwa na zamu, wala daftari, wala ujamaa; neno ndilo lililokuwa daraja lao pekee.

Kwa upande mwingine yuko mtoto. Shuleni hufundishwa tafadhali, asante na samahani chini ya anwani ya maneno ya adabu, na hilo ni jema. Hatari iko katika kumwacha aamini kwamba asiyeyatamka hana adabu. Mtoto huyo akirudi nyumbani na kumsikia nyanya yake akipokea maji bila ya neno, huweza kumhukumu kwa kipimo ambacho si chake. Na yeye mwenyewe akimwambia nyanya asante kwa kila sahani, huweza kumtia nyanya wasiwasi kwamba mjukuu amekuwa mgeni. Chakula cha nyumbani hakishukuriwi kama cha hoteli, kwa kuwa mwenye kukipika hakuwa na hiari ya kumnyima mtoto wake.

Hapa ndipo penye wajibu wa mwalimu wa lugha. Kumfundisha mtoto asante ni kumpa daraja la kumfikia mtu asiyemjua, na katika nchi yenye miji na ofisi na hospitali daraja hilo ni la lazima. Lakini afundishwe pia kwamba daraja hujengwa penye mto. Na afundishwe pole kwa uzito wake wote, kwani ndilo neno linalofaa pande zote mbili: kwa mgeni na kwa nyanya, kwa mwuguzi na kwa aliyebeba kikapu.

7. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba maneno ya shukrani na ya kuomba radhi hayatofautiani kwa adabu tu, bali kwa mahali yanapomweka msaidizi. Sumimasen humweka juu, kisha humtaka ashuke mwenyewe kwa kukana. Asante humweka mbele ya macho na kumsifu. Mbuya mono humwacha alipokuwa, na kulisifu jambo. Pole humkuta chini ya mzigo na kumpa sababu ya kushukuru.

Uzito wa neno hutegemea kama kuna njia nyingine ya kurudisha hisani. Penye zamu neno ni jepesi. Pasipo na zamu neno hubeba yote. Kwa hiyo kamusi na vitabu vya kufundishia vinavyotoa visawe vya asante katika lugha zetu, neno kwa neno, havijamaliza kazi. Ni lazima vieleze pia neno husemwa na nani kwa nani, wakati gani, na msaidizi hujibu nini. Bila ya jibu la msaidizi, maelezo ya shukrani ni nusu ya mazungumzo.